Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuunganisha kidhibiti cha kasi ya feni kwenye kiatamizi cha mayai ya reptilia

Majibu haya yanahusu feni ndogo za volti 12, zile za kompyuta, zinazofungwa ndani ya kiatamizi kilichotengenezwa kwa mikono. Mahesabu mengi yamefuata mfano mmoja: kisanduku cha stairofomu cha sentimita 50 kwa 30 kwa 30, kuta zenye unene wa sentimita 3, na feni moja ya milimita 80 iliyoandikwa 12 V 0.12 A. Kama chako ni kikubwa zaidi au kimetengenezwa kwa friji mbovu, badilisha namba tu. Njia ya kukokotoa ni ile ile.

Kwani feni ni lazima?

Si mara zote. Kisanduku kifupi chenye kikasha kimoja cha mayai na mkeka wa joto chini yake kinaweza kufanya kazi vizuri bila feni. Ukiongeza rafu ya pili, mambo hubadilika. Hewa ya moto hupanda na kutulia juu, na tofauti ya nyuzi 2 au 3 kati ya rafu ya juu na ya chini ni ya kawaida kabisa.

Kwa mayai ya kuku tofauti hiyo ingeharibu idadi ya vifaranga. Kwa reptilia inaweza kuamua pia jinsia. Mayai ya mjusi aina ya Eublepharis macularius yakikaa kwenye 26 °C hutoa karibu majike matupu. Kwenye 32 hadi 32.5 °C madume ndio wengi, na yakifika 34 °C majike hurudi kuwa wengi. Kwa mjusi mwingine, Pogona vitticeps, joto likizidi 32 °C, baadhi ya mayai yenye kromosomu za kiume huanza kutoa majike. Chatu wa aina ya Python regius jinsia yake haitegemei joto, ila mayai yake hukaa vizuri kwenye 31 hadi 32 °C na hayana nafasi kubwa ya kusamehe makosa kwa upande wa juu.

Kazi ya feni basi ni kuchanganya hewa. Si kupuliza mayai, wala si kupoza. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yaliyo hapa chini yatakuwa mepesi.

Kwa nini nisiiache izunguke kwa kasi yake yote?

Kwanza ni ukavu. Mayai mengi ya reptilia yana ganda laini linalopitisha maji. Yakipigwa na upepo hupoteza maji haraka na kubonyea. Feni ya milimita 80 ikiwa kwenye volti 12 husukuma takriban mita za ujazo 50 kwa saa pale isipozuiwa na kitu. Kisanduku chetu kina lita 45. Maana yake ni kwamba hewa yote ya ndani inapita kwenye feni karibu mara 18 kila dakika. Hakuna yai linalohitaji dhoruba ya namna hiyo.

Pili ni joto la feni yenyewe, na hili wengi hawalihesabu. Volti 12 mara ampia 0.12 ni wati 1.44. Umeme huo wote unaishia kuwa joto ndani ya kisanduku, hata ule unaosukuma hewa. Sasa angalia kuta: stairofomu hupitisha takriban wati 0.035 kwa kila mita kwa kila nyuzi, eneo la kuta zote ni mita za mraba 0.78, na unene ni mita 0.03. Zidisha na ugawanye, utapata kuwa kisanduku hiki hupoteza wati 0.91 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hiyo feni peke yake, hita ikiwa imezimwa, inapandisha joto kwa nyuzi 1.6 hivi. Kama chumba kina 28 °C na mayai yanataka 28 °C, themostati haina la kufanya: hita imeshazimwa na joto bado linapanda. Feni hiyo hiyo kwenye volti 6 hutumia karibu ampia 0.06, yaani wati 0.36, na ongezeko linashuka hadi nyuzi 0.4.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia hita ya ukubwa gani inatosha. Tofauti ya nyuzi 10 kati ya ndani na chumba inahitaji wati 9. Weka hita ya wati 20 hadi 25 ili ipate nafasi ya kupumua. Ukiweka ya wati 100, kila inapowaka itapitiliza.

Njia ipi ya kupunguza kasi ni bora?

Inategemea feni ina nyaya ngapi na unataka kurekebisha mara ngapi.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kutumia adapta ya volti ndogo. Feni nyingi za 12 V huzunguka vizuri kwa adapta ya 7.5 V au 9 V, na hakuna cha kulehemu wala cha kuharibika. Chaja ya simu ya 5 V huwezesha baadhi ya feni, si zote. Kama kasi inayopatikana inakufaa, ishia hapo, na usione haya kwamba hukujenga saketi.

Ya pili ni dayodi zilizopangwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Kila 1N4007 hupunguza takriban volti 0.75 kwa mkondo mdogo kama huu. Sita zinatoa 12 hadi 7.5. Zinashinda rezista kwa jambo moja: upungufu wake haubadiliki sana feni inapovuta mkondo mkubwa wakati wa kuanza. Rezista ya 68 Ω yenye uwezo wa wati 1 nayo itakupa karibu volti 7 feni ikiwa inazunguka, lakini pale feni inapojaribu kuanza ndipo rezista inapoinyima zaidi.

Ya tatu ni kirekebishi cha LM317 chenye potenshiometa, ile mafundi wanayoiita volyumu. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa feni za nyaya mbili au tatu, na maelezo yake kamili yanafuata.

Ya nne ni moduli ya kushusha volti ya LM2596. Haipati joto, inafaa ukiwa na feni kadhaa au ukitumia betri. Skrubu yake ndogo huzungushwa mara nyingi, pengine zaidi ya kumi, kabla mita haijaonyesha mabadiliko, na watu huidhania mbovu. Pima na upange volti kabla ya kuunganisha feni.

Ya tano ni PWM, yaani kuamuru kasi kwa mapigo ya umeme, kwa feni za nyaya nne. Ina swali lake huko mbele.

Je, siwezi kuweka volyumu moja kwa moja kwenye waya wa feni?

Utaiunguza. Volyumu ndogo ya 1 kΩ yenye uwezo wa wati 0.25 inavumilia mkondo wa miliampia 16 tu kwenye njia yake ya kaboni. Feni inavuta 60 hadi 120. Ukizungusha mpaka karibu na mwisho, mkondo wote unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni na kinaungua hapo hapo. Mara nyingi haifi siku hiyo. Hufa wiki ya tano, feni ikasimama, na mayai yakiwa yamebakiza muda mfupi kuanguliwa.

Nipeni basi vifaa na hatua za LM317.

Vifaa ni hivi: adapta ya 12 V yenye ampia 1, fyuzi ya ampia 0.5 na kishikio chake, LM317 yenye umbo la TO-220, rezista ya 240 Ω, rezista ya 680 Ω, volyumu ya 1 kΩ ya mstari ulionyooka (huandikwa B1K), kapasita ya 0.1 µF, kapasita ya 10 µF yenye volti 25 au zaidi, ubao mdogo wa matundu, na kisanduku cha plastiki cha kuifungia nje ya kiatamizi.

Ishike LM317 ukiangalia upande wenye maandishi, miguu ikielekea chini. Kutoka kushoto: ADJ ni mguu wa kurekebishia, katikati ni OUT yaani kutoka, kulia ni IN yaani kuingia. Bati la mgongoni limeungana na OUT, kwa hiyo lisiguse chuma chochote kilichoungana na hasi.

1. Pima adapta kabla ya yote. Adapta nyepesi za kisasa zitaonyesha 12 na kidogo. Zile nzito za zamani zenye transfoma zinaweza kuonyesha 16 au 17 zikiwa hazina mzigo, nazo zitakuharibia mahesabu. Hakikisha pia chanya iko wapi: usiamini rangi ya waya.

2. Chanya ya adapta ipite kwenye fyuzi, kisha iende kwenye IN. Kapasita ya 0.1 µF iwe kati ya IN na hasi, karibu kabisa na miguu.

3. Rezista ya 240 Ω iunganishwe kati ya OUT na ADJ. Ilehemu moja kwa moja kwenye miguu ya LM317, si kupitia waya mrefu. Sababu yake inaelezwa kwenye swali linalofuata.

4. Kutoka ADJ, weka rezista ya 680 Ω, kisha volyumu, kisha hasi. Mguu wa kati wa volyumu uunganishe na mguu mmoja wa pembeni. Ukiona kuzungusha kulia kunapunguza badala ya kuongeza, hamishia waya kwenye mguu wa pembeni wa upande wa pili.

5. Kapasita ya 10 µF iwe kati ya OUT na hasi. Mstari wa alama ya kutoa ulio ubavuni mwake uelekee hasi.

6. Pima kabla feni haijaunganishwa. Mlingano ni 1.25 × (1 + R2 ÷ 240), R2 ikiwa ni 680 Ω kujumlisha volyumu. Volyumu ikiwa mwisho wa chini unapata 4.8 V, ikiwa mwisho wa juu unapata 10 V. Tofauti ya volti 0.3 hivi ni ya kawaida, kwa sababu rezista na volyumu haziwi sahihi kabisa. Ukisoma 10.5 ambayo haibadiliki hata ukizungusha, kuna waya umeachia upande wa volyumu. Ukisoma 1.25, ADJ imegusa hasi.

7. Sasa unganisha feni: waya mwekundu kwenye OUT, mweusi kwenye hasi. Wa njano, kama upo, uache kwanza ukiwa umezibwa kwa tepu.

LM317 yenyewe hula volti 2 hivi, ndiyo maana huwezi kupata 12 kamili kutoka kwenye 12. Si hasara. Hakuna kiatamizi cha ukubwa huu kinachohitaji zaidi ya 10.

Kwa nini mnasisitiza rezista ya 240 Ω ilehemiwe kwenye miguu?

Kwa sababu swali la maana katika saketi hii ni kitu kikikatika, feni inaenda upande gani? Feni ikienda kasi zaidi, mayai yatakauka kidogo na utaona. Feni ikisimama, unaweza kupoteza kila kitu usiku mmoja.

Volyumu ikichakaa na mguu wa kati kuinuka, ule uunganisho wa hatua ya 4 unafanya volyumu yote ihesabike, na feni inapanda hadi 10 V. Waya wa volyumu ukikatika kabisa, LM317 inatoa yote inayoweza, feni inakwenda kasi. Vizuri. Lakini rezista ya 240 Ω ikiachia, OUT inashuka hadi volti 1.3 hivi na feni inasimama. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mgawanyo huu wa volti inayoanguka upande mbaya, basi ipe lehemu bora kuliko zote.

Rezista ya 680 Ω nayo ina kazi ya ulinzi. Inazuia mtu, au mtoto, au wewe mwenyewe ukiwa na usingizi, kuzungusha volyumu mpaka feni isimame.

Je, LM317 itahitaji bati la kupoozea?

Kwa feni moja ndogo, hapana. Kwenye volti 6 inabeba volti 6 nyingine mara ampia 0.06, yaani wati 0.36, na bila bati inapanda nyuzi 18 hivi juu ya joto la hewa. Feni mbili za ampia 0.2 ni habari nyingine: wati 1.2, nyuzi 60 juu. Funga kipande cha alumini chenye ukubwa wa kiberiti. Na usiiweke ndani ya kiatamizi kwa nia ya kuokoa joto lake. Ndani kuna unyevu, unyevu huota kutu kwenye volyumu, na hilo joto dogo litakuwa nje ya uwezo wa themostati.

Nitajuaje kasi iliyo sahihi?

Tafuta kwanza kasi ya chini inayoruhusiwa. Feni ikiwa tulivu, anza 4.8 V, washa. Kama haijaanza, ongeza kidogo, zima, subiri isimame kabisa, washa tena. Volti ya kwanza ambayo inaanza yenyewe, bila kusukumwa na kidole, iandike. Ongeza volti 1 juu yake. Chini ya hapo usishuke kamwe, hata kama feni ikishaanza inaendelea kuzunguka kwenye 3.5. Kuendelea na kuanza ni vitu viwili: umeme ukikatika usiku na kurudi, feni lazima ianze yenyewe. Jaribu kuizima na kuiwasha mara kumi mfululizo, na mara moja asubuhi ikiwa imelala baridi, maana grisi ya beringi huwa nzito.

Baada ya hapo panga vikasha vya mayai vikiwa na vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) yenye maji lakini bila mayai, na chupa mbili za maji zilizofungwa zishike joto. Weka sensa tatu: rafu ya juu, rafu ya chini, na pembe iliyo mbali na hita. Ziweke zote mahali pamoja kwanza kwa nusu saa uone zinatofautiana kiasi gani zenyewe, kisha uondoe tofauti hiyo kwenye hesabu. Acha saa mbili hadi tatu. Tofauti kati ya juu na chini ikizidi nyuzi 0.5, ongeza nusu volti, subiri tena. Ikishafika nusu nyuzi, acha hapo. Kuongeza kasi zaidi hakuleti faida ila ukavu.

Kwa kisanduku cha mfano wetu jibu huangukia kati ya volti 6 na 7.5 mara nyingi. Ukijikuta unahitaji 10 na bado kuna tofauti, tatizo si kasi. Kuna kikasha kimeziba njia ya hewa. Acha nafasi ya sentimita 3 hadi 4 kati ya vikasha na kuta pande zote, na rafu ziwe za wavu, si mbao.

Acha iende saa 48 kabla mayai hayajaingia.

Feni ifungwe wapi na ielekee wapi?

Ifungwe juu, ikipuliza sambamba na kifuniko au ikiteremsha hewa ukutani kupitia kwenye hita. Isielekee vikasha. Upepo ukigusa mkono wako pale mayai yanapokaa, umekosea mwelekeo. Kipande cha plastiki kilichokunjwa mbele ya feni hutatua hilo kwa haraka kuliko saketi yoyote.

Feni za beringi ya mpira wa chuma hustahimili kulazwa. Zile za bushi ni afadhali zisimame wima.

Feni iunganishwe pamoja na hita ili ziwake na kuzima kwa pamoja?

Hapana. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Hita ikizimwa bado ina joto mwilini mwake. Feni ikisimama wakati huo huo, joto hilo linakusanyika juu, sensa inachelewa kujua, na rafu ya juu inapitiliza. Feni iwe na njia yake ya umeme, izunguke saa 24. Themostati ishughulike na hita tu.

Tangu nipunguze kasi, joto linayumba zaidi. Kwa nini?

Hewa inayokwenda polepole huchukua muda zaidi kufikisha habari ya hita kwenye sensa. Sogeza sensa iwe kwenye mkondo wa hewa inayotoka kwa mayai, sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye hita, isiguse ukuta. Kisha angalia mpangilio wa themostati. Moduli ndogo ya W1209 hutoka kiwandani ikiwa na pengo la nyuzi 2 kati ya kuwasha na kuzima, kwenye mpangilio wa P1. Ishushe hadi 0.3 au 0.5. Hakikisha pia P0 iko kwenye H, maana C ni ya kupoza na itawasha hita pale joto linapozidi. Moduli hiyo itumie na hita ya 12 V. Nafasi kati ya njia za umeme kwenye ubao wake ni finyu mno kwa umeme wa ukutani, hata kama rilei imeandikwa ampia 10.

Feni yangu ina nyaya nne. Naidhibiti vipi?

Rangi za kawaida ni: mweusi hasi, njano +12 V, kijani ishara ya mzunguko, bluu udhibiti. Zingatia kwamba kwenye feni za nyaya tatu wa njano ndio wa ishara na mwekundu ndio wa 12 V. Ukichanganya hapo unapeleka volti 12 kwenye waya wa ishara.

Feni hii hupewa 12 V muda wote, na kasi huamriwa na mapigo ya kilohezi 25 kwenye waya wa bluu. Bodi ya Arduino Uno hutoa mapigo ya hezi 490 kwenye pini 9 isipoambiwa vingine, na hayo ni ya polepole mno: feni itavuma au kwenda kwa kushtuka. Mistari hii, ndani ya setup, inaipeleka 25 kHz:

pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 320;
OCR1A = 130;

OCR1A ni kasi kutoka 0 hadi 320. Hapo 130 ni asilimia 40 hivi. Hasi ya Arduino na hasi ya feni lazima ziungane, la sivyo mapigo hayaeleweki. Feni nyingi za aina hii hazitii amri iliyo chini ya asilimia 20 au 30, na baadhi husimama kabisa zikipewa sifuri, kwa hiyo usiandike programu inayoweza kufika huko. Uzuri wake ni kwamba waya wa bluu ukikatika, feni inaenda kasi yote.

Naweza kukatakata umeme wa feni ya nyaya mbili kwa mosfeti (swichi ya kielektroniki)?

Inawezekana, na inasumbua. Ndani ya feni isiyo na brashi kuna saketi ndogo inayohitaji umeme usiokatika. Ukiukatakata kwa hezi 490, saketi hiyo inawaka na kuzima nao. Utasikia mlio, na kama feni ina waya wa tatu, ishara ya mzunguko haitasomeka, kwa kuwa mosfeti inakata upande wa hasi. Tumia LM317.

Na feni ya umeme wa ukutani kwa kidhibiti cha taa?

Usifanye. Vidhibiti vya taa hukata sehemu ya wimbi, mota ndogo huvuma na kupata joto bila kuzunguka ipasavyo. Umeme wa ukutani ndani ya sanduku lenye mvuke ni hatari yenyewe. Ukiwa huna nyingine, acha kasi ilivyo, ziba sehemu ya mdomo wa feni kwa plastiki, na njia hiyo iwe na swichi inayokata umeme ukivuja.

Nitajuaje feni imesimama nikiwa sipo?

Waya wa ishara unatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Uunganishe kwenye pini ya Arduino pamoja na rezista ya 10 kΩ kwenda 5 V, hesabu mapigo kwa sekunde 2, zidisha kwa 15, umepata mizunguko kwa dakika. Ikishuka chini ya 300, kata hita kwa rilei na upige kengele. Kukata hita ndiyo hatua ya maana. Mayai mengi ya reptilia huvumilia kupoa kwa saa kadhaa kuliko yanavyovumilia kuchemka kwa saa moja. Inafanya kazi na LM317 bila shida, kwa sababu hasi ya feni haikatwi.

Bila Arduino, weka themostati ya pili mfululizo na ya kwanza kwenye waya wa hita, ikiwa imepangwa nyuzi 1 hadi 1.5 juu zaidi, na sensa yake ikae rafu ya juu kabisa. Hii tungeiweka hata kama Arduino ipo. Swichi za bimetali za 40 °C zinazouzwa kwa bei ndogo huzuia moto, haziokoi mayai. Yatakuwa yamekufa kabla hazijafunguka.

Umeme ukikatika, feni iendelee kwa betri?

Betri ya asidi ya 12 V yenye Ah 7, ukitumia nusu ya uwezo wake, itazungusha feni ya ampia 0.06 kwa karibu saa 58. Lakini feni bila hita haileti joto, inasawazisha tu lililopo. Chupa za maji na blanketi juu ya kisanduku zitakusaidia zaidi. Kama hita yako ni ya 12 V na wati 20, betri hiyo hiyo haifiki saa 3 kwa nusu ya uwezo ikiwaka mfululizo. Unapochaji, betri hupanda hadi 13.8 V, LM317 inashughulikia hilo bila kasi kubadilika.

Mayai yanabonyea. Ni kasi ya feni?

Huenda. Weka kila kikasha kwenye mizani siku ya kwanza na uandike uzito wake wote. Pima tena kila wiki. Uzito uliopungua ni maji yaliyopotea, na gramu moja ni mililita moja, kwa hiyo unajua urudishe kiasi gani pembeni mwa kikasha, si juu ya yai. Vemikulaiti huchanganywa na maji kwa uzito sawa au maji pungufu kidogo, na kifuniko cha kikasha kiwe na matundu mawili hadi manne tu. Kikasha kilicho karibu na feni kikipoteza maji kuliko vingine, badilisha mwelekeo wa upepo. Vikipoteza vyote kwa usawa, punguza matundu kwanza kabla hujagusa volyumu.

Kubonyea siku chache kabla ya kuanguliwa ni kawaida kwa spishi nyingi, na hapo kuongeza maji ni kuyazamisha. Wala usiyageuze kama ya kuku. Weka alama ya penseli upande wa juu siku ya kuyatoa, na alama hiyo ibaki juu mpaka mwisho.

Feni imeanza kukwaruza wiki ya sita. Niibadilishe au ningoje?

Ibadilishe siku hiyo. Ndiyo maana ni vizuri feni iungwe kwa plagi ndogo badala ya kulehemiwa, na nyingine ya aina hiyo hiyo iwe imeshajaribiwa volti yake ya kuanzia, ikikaa kando. Feni mbili zenye maandishi sawa zinaweza kutofautiana volti nzima kwenye kuanza.